Kapi Juu ya Daftari

Mwaka huu nilitunga kitendawili nikashindwa kukimaliza. Mikeka minane, wageni mia... hapo ulimi ukasimama. Kitendawili ni kama mafiga, kinataka mawe matatu ndipo chungu kikae, na mimi nilikuwa na mawili tu.

Kilianza Teddy alipokuja shamba. Teddy ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Deus, anasoma mambo ya kompyuta chuoni Morogoro. Alikuja mwezi wa nne, mvua bado nzito, mpunga umeanza kutoa masuke na ndege wamekwisha pata habari. Mimi kila masika nafunga nyumba yangu ya Mlabani, ufunguo namwachia jirani yangu Stumai, nahamia shamba upande wa Namawala mpaka mavuno yaishe. Ndivyo tulivyo watu wa bonde hili. Nyumba ya mjini ni ya kuweka vitu, nyumba ya shamba ni ya kutumia vitu. Ya shamba kwangu ni dungu, kibanda kilichosimama juu ya miguu sita ya mti. Chini tunapika, juu tunalala, na kutoka juu unaona mpunga wote mpaka maji yanapokutana na mbingu. Ni padogo. Unachopandisha humo lazima uwe umekifikiria.

Ponsiano mwenye pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili, ndiye aliyemleta, na tela lake likizama kwenye matope.

"Bibi Balbina," akaniita, "huyu mgeni wako kabeba karatasi au matofali?"

"Shikamoo, Bibi," Teddy akasema kutoka juu ya mzigo.

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kugombea mume? Umechelewa, ameondoka mwaka wa sita huu. Imebaki kofia."

Kofia ya ukindu ya babu yake, Fridolin, nimeitundika kwenye nguzo ya mlangoni. Teddy aliitazama akacheka. "Kofia nitaichukua hivyo hivyo."

Alisema amekuja likizo. Mimi sikuuliza. Mtu anayekuja likizo habebi mafungu tisa ya karatasi, na usiku hasagi meno. Kesho yake asubuhi, tukiwa tunaamia ndege, akaniambia mwenyewe. Nimefunga kamba ndefu zenye makopo kuzunguka shamba lote, na ncha zake zinafika juu ya dungu. Ndege wakitua unavuta, makopo yanalia. Alivuta mara moja, halafu hakuiachia ile kamba.

"Bibi, nina sapu."

"Ugonjwa huo?"

"Mtihani wa kurudia. Nilifeli somo moja. Narudia mwezi wa tano, na nikifeli tena nadisko. Ndiyo kufukuzwa. Baba amesema nikidisko nihamie dukani kwake Mlimba, nikapime mchele, habari ya shule ife hapo hapo."

Deus mwanangu akisema kitu harudi nyuma. Amemrithi baba yake ugumu wa kichwa, ule upole ukabaki njiani.

"Somo gani hilo?"

"Mfumo endeshi."

"Ndio nini?"

"Ni kama msimamizi aliye ndani ya kompyuta. Haonekani. Yeye ndiye anayegawa kazi na nafasi."

"Mwenyekiti wa kitongoji."

"Eeh, ila huyu hapokei kuku." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu afike. "Sikiliza, Bibi. Kompyuta ina sehemu mbili za kuweka vitu. Moja ndogo na ya haraka, inaitwa kumbukumbu. Nyingine kubwa, lakini ya polepole, ndiyo diski. Kazi hufanyika kwenye ile ndogo tu. Vitu vyenyewe vimekatwa vipande vinavyolingana, tunaviita kurasa. Tuseme ile ndogo ina nafasi nane, na kurasa ziko mia."

"Dungu na Mlabani," nikasema.

Akanitazama. "Eeh. Dungu na Mlabani."

"Haya. Dungu limejaa, na mgeni anapiga hodi."

"Hapo ndipo nilipofelia. Lazima mmoja ashuke. Swali ni nani."

Mimi nikaona swali jepesi. Nikamwambia aliyetangulia kuja atangulie kuondoka, kama foleni ya zahanati.

"Basi wa kwanza kushuka hapa ungekuwa wewe," Teddy akasema.

Nilicheka hadi ndege wakaruka bila kopo. Nikajaribu tena. Nikamwambia mimi nikihama kuja shamba natazama mbele. Jembe nitalitaka leo, mundu nitautaka mwezi wa sita, basi mundu ungoje Mlabani. Kinachohitajika mwisho kabisa ndicho kishuke.

"Hilo ndilo jibu bora kuliko yote," akasema, "lakini wewe unajua majira. Mashine haijui kesho."

"Hata mimi siku hizi siijui. Mvua imekosa adabu."

"Ndiyo maana inatazama nyuma. Inasema, aliyeguswa karibuni huenda ataguswa tena. Aliyekaa muda mrefu bila kuguswa, huyo ashuke. Sasa kuandika kila mmoja aliguswa saa ngapi ni kazi kubwa kuliko kazi yenyewe. Kwa hiyo kila ukurasa una alama moja ndogo. Ukiguswa, alama inasimama. Halafu kuna mkono unazunguka kama mshale wa saa. Ukikuta alama imesimama, unailaza na kumpita mwenyewe, anapata nafasi ya pili. Ukirudi mzunguko mwingine ukamkuta alama yake bado imelala, anashuka."

"Akishuka ndiyo amekufa?"

"Anafutwa, nadhani. Kuna habari ya ukurasa mchafu hapo, ulioandikwa juu yake. Mwalimu aliieleza, niliandika, lakini haijaniingia." Kundi la kwelea likateremka kama moshi, tukavuta kamba wote wawili, na habari ya ukurasa mchafu ikaishia hapo.

Ndiyo siku hiyo nikaanza kusema peke yangu: mikeka minane, wageni mia.

Sasa nikwambie alivyokuwa anasoma. Anafungua fungu moja, anasoma mistari miwili, anakumbuka kitu kilichoko kwenye fungu jingine, analifungua hilo, linampeleka la tatu, anarudi la kwanza amekwisha sahau alichokuwa anatafuta. Kutwa nzima karatasi zinapanda na kushuka. Ukimwuliza umesoma nini, machozi. Akaniambia hata kompyuta huwa hivyo ikizidiwa, inabaki kubeba na kutua tu, mwenyewe unaona imeganda. Nikamwambia namfahamu mtu wa hivyo, hamisha magunia chumba hiki peleka chumba kile, jioni anasema amelima.

Paa lilikuwa linavuja. Kitu pekee kisichoingia maji pale dunguni ni ndoo yangu kubwa yenye mfuniko. Ilimeza mafungu manane. La tisa likabaki nje, na mvua ya bonde hili haijui kwamba karatasi ni shule. Nikasema moyoni, mjukuu wangu asisumbuke, fungu la kushuka nitamchagulia mimi, si nimekwisha fundishwa?

Nikaokota makapi, yale maganda matupu ya mpunga. Asubuhi Teddy akishayatoa mafungu ndoani na kuyapanga kwenye ubao, nami naweka kapi moja juu ya kila fungu, akiwa hanioni. Jioni natazama. Lililoguswa, kapi limeanguka. Nitaliwekea jingine kesho. Siku ya kwanza yalianguka makapi manane. Fungu lililofungwa kwa mpira wa bluu lilibaki na lake. Nikalipita, nikalipa nafasi ya pili. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kapi lilikuwa limelala pale pale, hata upepo haukuligusa, na mimi nikajiona msimamizi kweli kweli.

Jioni ile mvua ilikuwa imelowesha kuni zote. Teddy alikuwa kona ya mbali ya shamba anafunga kamba iliyokatika. Nikakumbuka alivyosema siku ya kwanza, kwamba karatasi zile ni kopi, zingine ziko stationari mjini, ukienda unatolewa kama hizo hizo. Miwani ilikuwa juu, mimi niko chini. Sikufungua. Nikalivunja lile fungu vipande viwili, nikaliingiza chini ya kuni, nikawasha.

Akarudi amelowa, ananusa wali.

"Bibi, leo moto umewaka upesi."

"Umewaka kwa elimu, mke mwenzangu."

Akacheka. Halafu akauona ule mpira wa bluu, niliouvaa mkononi kama bangili nisije nikaupoteza. Akautazama mpira, akautazama moto. Hakupiga kelele. Nilitamani apige.

"Lile lilikuwa na mwandiko wangu," akasema.

Nikamwambia si kopi? Akasema chapa ndiyo kopi. Lakini yeye na mwenzake Oliva walikaa mwezi mzima mlangoni kwa mwalimu, maswali kumi na moja, na kila jibu Teddy aliliandika kwa kalamu katikati ya mistari. Chapa iko mjini. Ya kalamu haikuwa mahali pengine popote.

"Oliva je, hana?"

"Yeye alikuwa anasikiliza. Mimi ndiye nilikuwa naandika. Oliva alifaulu."

"Mbona hukuligusa? Siku tatu kapi halikuanguka!" Hapo nikamweleza ujinga wangu wote, kapi kwa kapi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha kidole juu ya meko, ninapotundika masuke ya mbegu moshini, yasiliwe na wadudu.

"Nililiweka la mwisho, Bibi, wiki ya mwisho. Ile mbegu pale uliigusa lini?"

Nimelima mpunga tangu nina miaka tisa. Mbegu haiguswi miezi sita, na ndiyo maisha ya mwaka unaokuja. Na mtoto aliyezaliwa juzi ndiye wa kunikumbusha.

Kesho yake hakufungua karatasi. Alivuta makopo, akaosha vyombo, akaniitikia vizuri, na adabu yake ilinichoma kuliko matusi. Ponsiano alipopita na pawatila nilimsikia Teddy anamwambia Jumamosi ampitie, ampeleke stesheni, anapanda treni kwenda Mlimba kwa baba yake. Ilikuwa Alhamisi. Mtihani ulikuwa umebakiza siku kumi na sita, na yeye alikuwa amekwisha jipimia mchele.

Mchana ule nilikaa juu ya dungu peke yangu, jua limetoka, kamba ya makopo nimeifunga kwenye kidole gumba cha mguu, kama nifanyavyo nikichoka. Maji yalikuwa yamejaa mabondeni yakang'aa kama sinia. Sijui ni wakati gani macho yalifumba.

Niliona dungu letu lakini shamba halipo. Maji tu, kila upande, hayatembei. Sakafuni mikeka minane imepangwa kwa duara, na juu ya kila mkeka mtu amekaa kimya. Wengine nawafahamu. Yupo mama yangu akichambua mchele. Lipo jembe langu la zamani, nalo limekaa kama mtu, limekunja miguu. Upo wimbo wa kanisani, sijui nilijuaje kwamba yule ni wimbo, lakini ndiye. Kila mmoja ana ua la yungiyungi sikioni, isipokuwa wachache.

Katikati kuna mkono. Mwili hauna. Mrefu, mwembamba, kama mshale wa saa ya kanisani, unazunguka polepole bila sauti. Ukifika penye ua, unaliondoa kwa upole, unaliweka majini, unapita. Nikaona mama yangu akiondolewa ua lake. Hapo hapo nikamwita, mama, akageuka, na ua jingine likachanua sikioni pake.

Chini hodi inabishwa. Mgeni anataka kupanda. Mkono unazunguka, unatafuta.

Mkeka wa nane alikaa Fridolin.

Hakuwa na ua. Nikajua sababu bila kuambiwa. Kofia yake naipita kila siku mlangoni, naipangusa vumbi, lakini yeye mwenyewe sijamwita siku nyingi. Sauti yake nilikuwa siikumbuki. Mkono ukafika kwake ukasimama. Yeye akainuka taratibu, kama alivyokuwa akiinuka kumpisha mama mwenye mtoto kanisani, akatafuta ndala zake.

Nikasema, huyo mwache. Mkono hauna masikio. Nikashika vile vidole, baridi kama samaki. Ndipo nikaiona miguu ya Fridolin. Ilikuwa na matope mabichi, na matope yale yalikuwa mwandiko, mstari kwa mstari, mpaka magotini. Mkono nao uliyaona. Ukarudi nyuma kidogo, ukangoja.

Nikaelewa, kama mtu anavyoelewa ndotoni, yote kwa pamoja. Walio safi wanashuka mikono mitupu, kwa kuwa Mlabani kila mmoja ana pacha wake anayefanana naye hata kucha. Lakini mwenye matope hana pacha. Aliyeko Mlabani ni yule wa zamani, hajui kilichoandikwa tangu hapo. Huyu hashuki hivi hivi. Lazima afikishwe, mstari kwa mstari, ndipo mkeka wake apewe mwingine.

Nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Nikatembea juu ya maji, na yungiyungi zikinipisha, mpaka nyumbani. Stumai akafungua bila kuuliza. Nyumba yangu ya Mlabani ina vyumba viwili tu, lakini siku ile ilikuwa na vyumba vinavyofuatana kama mabehewa, na kila chumba watu wamelala kwa mistari, wamefunikwa vizuri, kila mmoja na jina lake kichwani. Nikawaona niliodhani wamepotea. Mwalimu wangu wa darasa la pili. Mtoto wangu wa kwanza, aliyeishi siku nne. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nje.

Nikamlaza Fridolin. "Ukinihitaji niite," akasema. "Ila usinihimize. Njia ndefu."

Nikarudi dunguni nikamwita. Hakuja. Ndege wakasimama hewani mabawa wazi, maji yakanyamaza, hata mkono ukaacha kuzunguka. Dunia yote ilikuwa inamngoja mtu mmoja anayekuja kwa miguu. Muda ulikuwa mrefu. Halafu nikasikia ndala zake ngazini, na sauti yake, yenyewe, ile yenye mkwaruzo.

"Nimekuja. Ulidhani nini?"

"Nilidhani nimekusahau."

"Hukunisahau," akasema. "Uliniweka."

Kidole gumba kikavutwa. Kwelea, wametua kona ya mbali, nao kamba wameikalia. Nikaamka uso umelowa, makopo yanalia shamba zima.

Nilishuka ngazi mbio, mimi na magoti yangu haya, nikamkuta Teddy anakunja nguo zake.

"Kaa chini," nikamwambia. Nikakaa na mimi, chini kabisa, pale majivuni. "Kwanza nimekosa. Nilishusha kitu chenye mwandiko bila kuufikisha kwanza mahali pa kukaa. Unisamehe."

"Bibi, usikae majivuni, nitalaaniwa."

"Hujanisamehe bado."

"Nimekusamehe. Inuka basi." Kisha mikono yake ikasimama juu ya nguo. "Umesemaje? Kuufikisha mahali pa kukaa?"

Nikamwambia ndoto, yote, na matope ya Fridolin. Alikuwa ananisikiliza mimi lakini macho yako kwingine.

"Kwa hiyo hafutwi," akasema polepole. "Anarudishwa diski. Ukurasa safi unaachwa tu, kwa sababu kopi yake ipo. Mchafu lazima uandikwe kwanza diski, ndipo nafasi itolewe. Bibi... hili ndilo swali la tano. Ndilo jibu alilotupa mwalimu. Neno kwa neno."

"Limetoka wapi? Si limeungua?"

Akayatazama majivu.

"Karatasi ndiyo iliyoungua," nikasema. "Kabla halijawa kwenye karatasi lilipita kwako. Yaite na mengine."

"Hayaji."

"Yako njiani. Si wewe uliyesema diski ni ya polepole?"

Jumamosi Ponsiano alipokuja na pawatila, Teddy alimpa yale mafungu manane ayapeleke kwa Stumai. Ponsiano akamwuliza, "Na wewe?" Akasema, "Mimi nabaki. Zinaondoka karatasi." Alibakiza daftari moja jipya, tupu. Alikuwa amekoma kutapatapa. Mkeka mmoja, mgeni mmoja kwa wakati. Asubuhi mimi namtegea swali moja kama kitendawili, naye akishindwa ananipa mji. Sheria ni sheria. Amenipa Mlimba, amenipa Mahenge, amenipa Morogoro na chuo chake humo humo. Halafu tunaacha, tunakwenda kwenye kazi.

Majibu yalikuja yalivyotaka. Moja lilikuja akiwa anaosha sufuria mtoni, nikasikia "Bibi! Limekuja!" nikadhani mamba. Jingine lilikuja tukiwa tunakula perege, akaliandika kwa mkaa kwenye mfuko wa saruji, mwiba bado mdomoni, akalihamishia daftarini alipomaliza. Alikuwa hachelewi tena. Likija tu analiandika, kabla halijapata wa kulifuta. Mengine yalichelewa siku tatu, nne. Kati ya kumi na moja yalirudi manane. Matatu hayakurudi mpaka leo, na siwezi kusema hayakuniuma. Yaliungua, na aliyeyachoma ni mimi.

Akaondoka. Mtihani akafanya. Simu hapa inashika ukiwa umesimama juu ya dungu, mkono umeshika paa. Aliponipigia alikuwa anacheka na kulia.

"Bibi, swali la pili! Eleza ni kwa nini ukurasa ulioandikwa huchelewa kutolewa kuliko usioandikwa. Nikasikia harufu ya moshi mle chumbani, naapa. Nimeandika kurasa mbili."

"Na yale matatu yasiyorudi?"

"Moja limetoka kwenye mtihani. Nimeliruka."

Tukangoja. Mpunga ukaiva ukawa wa dhahabu, tukaingia na mundu, uliokuwa umekaa Mlabani tangu mwaka jana bila kuguswa na mtu, na haukuwa umekasirika. Siku ya nne ya mavuno Ponsiano alikuja kuchukua magunia, simu yangu ikalia ujumbe. Miwani ilikuwa juu, kama kawaida yake. Nikampa Ponsiano asome. Akasoma kimya, midomo inatembea.

"Soma kwa sauti, mwanangu, usiniue."

"Anasema: 'Mke mwenza, nimepita. C. Sidisko. Mwambie Baba atafute mtu mwingine wa kupima mchele. Ukihama nitunzie mpira wa bluu.'"

C ya moshi. Nilikaa juu ya gunia nikacheka mpaka Ponsiano akaniletea maji.

Siku ya kuhama nilipakia vitu vyangu vyote, dungu likabaki tupu, mwanga unapita kati yake. Nikapanda mara ya mwisho. Kofia ya Fridolin ilikuwa bado kwenye nguzo. Niliiacha makusudi iwe ya mwisho. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimeweka kapi moja juu yake, kapi jepesi, katikati kabisa. Nilitaka kuona tu.

Asubuhi kapi halikuwepo. Upepo ulikuwa haujavuma. Usiku wote masuke yaliyobaki shambani yalisimama wima. Sikuuliza. Niliivaa ile kofia mwenyewe, nikashuka ngazi, nikakaa kwenye tela juu ya magunia, na pawatila likaanza kutuvuta kwenda Mlabani. Njiani nilimwita kwa jina lake mara moja, bila haraka, nikamngoja.

Na lile figa la tatu nikaliona hapo, kwenye mteremko wa Namawala, nikampigia Teddy hata kabla simu haijashika vizuri.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi!"

"Mikeka minane, wageni mia, na hakuna aliyelala nje."